Mchele mmoja, mapishi mbalimbali: uanagenzi wa upishi Ujerumani wapimwa

Kinachopimwa: mafunzo ya upishi ya miaka 3, ambayo kwenye karatasi utayaona kama Ausbildung, Koch kwa mwanamume na Köchin kwa mwanamke
Ada: hakuna, na unalipwa mshahara
Lugha: kwa kawaida Kijerumani kiwango cha B1, yaani cha kati, ili upate viza
Alama: 4 kati ya 5 ukipata jiko zuri, 2 ukipata baya

Tangazo lake ni fupi: nenda Ujerumani, jifunze upishi bila ada, lipwa tangu mwezi wa kwanza, na ukimaliza uwe na cheti kinachotambulika nchi nzima. Yote ni kweli. Ndiyo maana mtu wa miaka 28 anayetaka kuacha uhasibu ashike mwiko ana haki ya kuitazama njia hii kabla ya vyuo vya upishi vya Paris vyenye ada za makumi ya maelfu ya euro.

Lisilosemwa ni kwamba huingii chuo. Unasaini mkataba na jiko moja, la hoteli au mgahawa fulani, na jiko hilo ndilo litakalokufundisha, au litakalokufanya mmenya viazi, kwa miaka mitatu. Mtaala ni mmoja kuanzia Hamburg hadi milima ya Bavaria, lakini majiko ni maelfu. Anayechagua mji kwanza halafu akakubali jiko lolote litakalompokea amekosea mlango.

Wiki inavyokwenda

Mtaala wa sasa ulianza tarehe 1 Agosti 2022 na kuuondoa ule wa 1998. Siku moja au mbili za wiki ni za shule ya ufundi, zilizobaki ni za jikoni. Maeneo mengine hukusanya siku za shule zikawa wiki kadhaa mfululizo. Mkataba huandikishwa kwa IHK, chemba ya viwanda na biashara ya eneo hilo, ambayo pia ndiyo inayosimamia mitihani. Mtihani una sehemu mbili, na alama za ile ya kwanza zinaingia kwenye matokeo ya mwisho. Anayeanguka anaruhusiwa kurudia mara mbili. Kuna pia njia fupi ya miaka 2, Fachkraft Küche, ambayo ukiimaliza unaweza kuendelea mpaka ukawa mpishi kamili. Kwa mgeni ambaye Kijerumani chake bado kinachechemea, si ya kudharau.

Kuna daftari moja ambalo wengi hulichukulia kama usumbufu, nalo ni Berichtsheft. Humo unaandika kazi ulizofanya na mambo uliyojifunza, mkufunzi wako anasaini. Bila daftari lililojazwa na kusainiwa huruhusiwi kukaa kwenye mtihani. Kosa la kawaida ni kuliacha miezi mitatu, kisha kukesha usiku mmoja ukitunga kumbukumbu. Lakini daftari hili ni ushahidi pia. Kama kurasa za miezi mitano zinasema kuosha vyombo na kumenya viazi, mshauri wa mafunzo wa IHK hahitaji maelezo marefu. Kwa hiyo andika kilichofanyika kweli, si kile mkufunzi angependa kukisoma.

Hesabu ya mshahara

Kima cha chini kwa mafunzo yaliyoanza 2025 ni euro 682 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza, 805 wa pili na 921 wa tatu. Hoteli zinazofuata mikataba ya pamoja ya vyama vya wafanyakazi hulipa zaidi. Katika majimbo kadhaa mwaka wa kwanza umeshafika 1,000. Tuchukue hiyo 1,000. Bima za lazima, yaani ya afya, ya uzeeni, ya kukosa kazi na ya uuguzi, hukata karibu asilimia 21. Kodi ya mapato kwa kiwango hiki ni kama haipo. Unabaki na 790 hivi.

Halafu kuna chakula cha kazini. Wengi hudhani mpishi anakula bure, lakini mwajiri anaweza kukikata kwa thamani iliyowekwa na serikali, ambayo kwa 2025 ilikuwa euro 4.40 kwa mlo wa mchana au wa jioni. Zamu 20 kwa mlo mmoja ni euro 88. Mkononi zimebaki 700 na ushee, kabla ya tiketi ya usafiri wa nchi nzima, iliyokuwa 58 kwa mwezi mwaka huo, na ada ya redio na televisheni ya 18.36 ambayo kila nyumba hudaiwa hata kama haina televisheni. Barua ya ada hii ikija usiitupe kwa kuidhani tangazo la biashara. Deni lake hukua kimyakimya.

Chumba katika nyumba ya kushirikiana mjini Munich kinaweza kumeza pesa hizo zote, kwa hiyo swali la makazi lina uzito kuliko swali la mshahara. Hoteli ya ukubwa wa kati katika mji mdogo, yenye nyumba ya wafanyakazi, itakuachia akiba kuliko mgahawa mashuhuri wa jiji kubwa unaolipa euro 100 zaidi. Omba kiasi cha kodi ya chumba kiandikwe, na uangalie jumla ya makato ya chumba na chakula: kisheria haiwezi kuzidi asilimia 75 ya mshahara wote wa mwanagenzi. Ubalozi nao hufanya hesabu hii. Mshahara ukionekana hautoshi kuishi, wataomba akaunti ya benki iliyozuiwa, yaani inayotoa kiasi maalumu tu kila mwezi, yenye fedha za nyongeza, na hapo ndipo safari nyingi hukwama.

B1 ni ya viza, jiko lina lugha yake

Mtihani wa B1 wa Goethe, taasisi ya Kijerumani ya lugha na utamaduni, unaofanyika Nairobi na Dar es Salaam, una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Kila moja inataka alama 60 kati ya 100, na unaweza kurudia ile uliyoanguka peke yake. Ukiipata, mlango wa ubalozi umefunguka. Mlango wa shule bado.

Chukua swali la aina inayotolewa darasani mwaka wa kwanza. Unahitaji sahani 40 za viazi, kila moja gramu 200 za viazi vilivyokwisha kumenywa. Hasara ya kumenya ni asilimia 20. Ununue kilo ngapi? Viazi vilivyomenywa ni kilo 8. Anayekimbia huongeza asilimia 20 juu ya 8, anapata 9.6, anaandika jibu. Amekosa. Hasara inahesabiwa kwenye viazi vya gunia, si vya sufuriani, kwa hiyo kilo 8 ni asilimia 80 ya ulichonunua: gawa 8 kwa 0.8 upate 10. Ukinunua 9.6 utabaki na kilo 7.68, upungufu wa gramu 320, na wageni wawili hawatashiba. Hesabu yenyewe mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Kinachoangusha ni kutotambua kwa haraka kwamba Putzverlust ni hasara ya kumenya na küchenfertig ni kitu kilicho tayari kuingia sufuriani. Kwa hiyo pamoja na kitabu cha sarufi, anza mapema na maneno ya jikoni: vyombo, namna za kukata, sehemu za nyama, majina ya samaki. Maneno mia tatu ya namna hiyo kabla ya kupanda ndege yatakusaidia kuliko sura nzima kuhusu likizo na hali ya hewa.

Na ujiandae kwa lafudhi. Mwalimu wa lugha huzungumza Kijerumani cha redioni. Mpishi wa Swabia au Bavaria, kusini mwa nchi, hazungumzi hivyo, tena anazungumza huku feni ya moshi inaunguruma. Mtindo unaosaidia ni kurudia agizo kwa sauti kabla ya kulitekeleza. Jikoni hilo ni jambo la kawaida, hakuna atakayekuona mzito.

Sufuria ya mifupa

Kama kuna jambo moja linaloonyesha tofauti kati ya jiko linalofundisha na lisilofundisha, ni mchuzi wa kahawia. Jiko zuri linaupika kutoka kwenye mifupa. Jiko baya linamimina unga wa mchuzi wa paketi kwenye maji moto.

Mchuzi wa msingi huenda hivi. Kilo 5 za mifupa ya ndama iliyokatwa vipande vidogo huchomwa kwa mafuta kidogo mpaka iwe kahawia pande zote. Ndipo inaingia kilo 1 ya mboga za kukaanga: karoti na mzizi wa seleri kwanza, vitunguu baadaye kwa kuwa vinaungua upesi. Kisha gramu 150 za nyanya ya kopo iliyokolea, zinazokaangwa mpaka wekundu ugeuke rangi ya tofali. Ukiiacha mbichi mchuzi unakuwa mkali, ukiiunguza unakuwa mchungu, na uchungu huo hautoki tena. Unanyunyiza maji au mvinyo kidogo, unaacha yakauke mpaka chini pang'ae, unarudia mara tatu. Rangi ya mchuzi inatokea hapo, si kwenye saa za kuchemka. Halafu maji baridi kiasi cha lita 8 hadi 10 mpaka mifupa ifunikwe, na moto mdogo kwa saa 4 hadi 6 huku ukiengua povu na mafuta.

Mpishi aliyelelewa na supu ya mifupa ya kwetu atafanya makosa mawili karibu bila kufikiri: atafunika sufuria na atatia chumvi. Kufunika kunafanya sufuria itokote kwa nguvu, mafuta yanachanganyika na maji, mchuzi unakuwa na ukungu. Chumvi nayo haina ubaya leo, lakini mchuzi huu utakaushwa baadaye mpaka nusu au robo, na chumvi haiondoki na mvuke. Mkufunzi anayekueleza sababu hizi ndiye unayemtafuta. Anayesema tu "usifunike" anakufundisha nusu.

Mengine ya mwaka wa kwanza ni usafi na jotoridi, nayo hayana mjadala: kuku asizidi nyuzi 4, nyama nyuzi 7, friza nyuzi 18 chini ya sifuri, chakula cha moto kinachosubiri kisishuke chini ya 65. Viambato 14 vinavyosababisha mzio lazima mgeni ajulishwe kwa sheria ya Umoja wa Ulaya. Seleri ni mmojawapo, na kwa kuwa imo kwenye unga mwingi wa supu, ndiyo inayosahaulika. Ufuta na haradali vimo pia, jambo ambalo mpishi wa pwani aliyezoea kunyunyiza ufuta juu ya kila kitu atalikumbuka kwa shida.

Msimu nao una amri yake. Kuanzia katikati ya Aprili hadi tarehe 24 Juni jiko zima ni asparagasi nyeupe, neno lao ni Spargel, kijiti cheupe cha mboga ambacho wengi wetu hatukuwahi kukiona sokoni, na mwanagenzi ndiye mmenyaji. Kilaze juu ya meza, menya kuanzia chini kidogo ya kichwa kwenda mkiani, wala usiogope kumenya ngozi nene. Uzi mmoja ukibaki mgeni anatafuna kamba. Novemba hadi Krismasi ni bata bukini. Likizo ya Desemba usiiombe.

Kulipima jiko ukiwa Mombasa

Usaili hufanyika kwa video, lakini mengi unaweza kuyaona kabla ya hapo. Fungua menyu ya mgahawa kwenye intaneti. Sahani 90 kwa jiko la wapishi watatu maana yake ni paketi na friza. Menyu fupi inayobadilika na msimu ni dalili njema. Kisha uliza, kwa utulivu: Mkufunzi wangu ni nani, na ana cheti cha ukufunzi? Wanagenzi ni wangapi kwa wapishi wangapi? Ikiwa wanagenzi ni sita na wapishi wawili, nyinyi ndio nguvu kazi. Wa mwisho kumaliza walifaulu? Naweza kuona ratiba ya kuzunguka idara: mboga, michuzi, nyama na samaki, vitamu? Mchuzi wa kahawia mnaupikaje?

Na swali moja ambalo karibu hakuna anayeuliza: basi la mwisho ni saa ngapi? Majiko mengi yana zamu iliyokatwa katikati, kwa mfano saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, kisha saa kumi na moja jioni hadi saa nne usiku. Kijijini basi la mwisho huenda liliondoka jioni. Nyumba ya wafanyakazi iliyo kilomita 9 kutoka hotelini ni nzuri mwezi wa Julai tu.

Haki ambazo jiko baya huzisahau

Siku ya shule yenye vipindi zaidi ya vitano vya dakika 45 inakufungulia siku nzima, mara moja kwa wiki. Mkubwa wa jiko akikuita zamu ya jioni baada ya siku hiyo, anavunja sheria. Vifaa vya kujifunzia, visu na vitabu vya fani vikiwemo, ni juu ya mwajiri, kwa mafunzo na kwa mitihani. Anayekuuzia seti ya visu ya lazima kabla ya safari anakuuzia kitu usichodaiwa. Kazi ya siku ni saa 8, inaweza kufika 10 ikiwa wastani unarudi kuwa 8.

Kipindi cha majaribio ni mwezi 1 hadi 4, na ndani yake upande wowote unaweza kuvunja mkataba bila notisi. Hapa ndipo mgeni ana hatari kubwa, kwa sababu kibali chake cha kukaa kimefungwa na mkataba. Hata hivyo hufukuzwi nchini kesho yake: mkataba ukivunjika bila kosa lako, sheria inakupa hadi miezi 6 ya kutafuta nafasi nyingine. Majiko yana njaa ya wanagenzi, na anayefika na mwaka mmoja wa shule na daftari lililojazwa hupokelewa haraka.

Nguruwe na mvinyo

Hili mawakala hulipita kimya. Jiko la kawaida la Kijerumani lina nguruwe kuanzia soseji hadi vipande vya nyama ya moshi vinavyotupiwa kwenye kabichi, na mvinyo umo kwenye michuzi mingi. Mwislamu atavishika kila siku, na swali la kuonja litafika wiki ya kwanza. Wapo wanaoelewana na mkufunzi kwamba mwenzao ataonja. Majiko mengine hukubali, mengine hukataa. Lizungumze kwenye usaili, si baada ya kufika. Mtaala wa 2022 una nyongeza ya hiari ya upishi wa mboga tupu, lakini hiyo huja juu ya mtaala wa kawaida, haiondoi nyama.

Wakala na wengine

Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini Berlin mkataba wa uhamaji wa wafanyakazi. Habari ikaenea kwamba Wakenya 250,000 wameahidiwa kazi, na wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ikaikanusha: hakuna idadi yoyote iliyotajwa kwenye mkataba. Namba hiyo bado inaonekana kwenye mabango ya mawakala. Gharama halali ni mafunzo ya lugha, mtihani, tafsiri za vyeti, ada ya viza ya euro 75, na nauli, ambayo waajiri wengine huilipa. Mwajiri akitaka kuharakisha viza, hulipa euro 411 kwa idara ya serikali Ujerumani, wala pesa hizo hazipiti kwa wakala. Kabla ya kulipa chochote kikubwa, chukua jina la hoteli na anwani yake, tafuta IHK ya eneo hilo, waandikie uwaulize kama mkataba wako umeandikishwa.

Kwa anayetaka kuanza kutuma pesa nyumbani mwezi wa pili, Doha au Dubai inamfaa zaidi. Kijerumani hakihitajiki, chumba mara nyingi ni cha mwajiri, na msaidizi wa jiko huanza kazi siku chache baada ya kutua. Mwanagenzi wa Ujerumani hatatuma kitu cha maana mwaka wa kwanza. Akihitimu, miaka 2 ya kazi ya fani yake inamwezesha kuomba kibali cha kukaa cha kudumu, mradi amechangia mfuko wa uzeeni miezi 24 na Kijerumani chake hakijashuka chini ya B1.